Sahani Mbili za Delft

Bi Khamisa alisema ameyaona kwa macho yake. Macho yenyewe yalikuwa ya mpwa wake Ishak, anayesoma huko Uholanzi, lakini hilo alilisema mwisho na kwa haraka. Alisema Muadh bin Marhoun wa Aija, kule pwani ya Sur, kijana aliyeposa nyumba hii hii, kaonekana mji wa Delft, kwenye mkahawa ulio ukingoni mwa mfereji, kakaa meza ya watu wawili. Sahani mbili. Vikombe viwili. Mbele yake mkate wa maji, na si huu wetu wa kukunja mkononi, mkate wa maji mpana kama sinia, mmoja kwake na mmoja kwa mwenziwe. Huyo mwenziwe uso haukuonekana kwa sababu ya chungu cha maua kilichowekwa mezani. Lakini Muadh alikuwa akimtazama, tena akimtazama kwa raha, akacheka mpaka akajifuta machozi. Na kabla hajatia tonge mdomoni, alinyoosha mkono mbele akasema, "Karibu."

"Haya niambieni," alisema Bi Khamisa, akavuta kibao cha mbuzi ya nazi akakalia. "Mtu anamwambia nani karibu? Kiti?"

"Labda alikuwa na rafiki yake," alisema Ghaniya, mama yake Wiam, binti aliyeposwa, bila kugeuka kwenye sufuria.

"Rafiki! Mwanamme mwenzako unamchekea vile? Ghaniya, mie nimeiona hiyo video. Ishak kakaa meza ya pembeni yake, kamtambua, kampiga picha. Wallahi nilitaka kunyamaza, lakini jirani ni jirani."

Alikuwa hakunyamaza hata kidogo. Habari ile ilianzia Soko la Jumatano, soko la wanawake la mji wetu wa Ibra, hapa Oman, ambalo mwanamme hatii mguu, na Bi Khamisa alikuwa ameipitisha kwa wauza nguo, wauza udi na wauza mikeka. Ilipotoka kwa wauza udi mwanamke wa nyuma ya maua alishaota nywele za manjano. Kufika adhuhuri, kavaa koti jekundu na anavuta sigara.

Wiam alikuwa kakaa kizingitini na kofia mapajani, kofia ya mkono, ile ya kuvaa bwana harusi siku ya milka, siku ya kuandika ndoa. Sindano ilimchoma kidoleni akainyonya damu kimya kimya. Hakuinua kichwa. Alikuwa akiogopa kwamba akiinua kichwa Bi Khamisa ataona uso wake, na Bi Khamisa kwa kusoma nyuso hana mfano.

"Na weye Wiam, mwanangu, pole," alisema Bi Khamisa. "Ndio walivyo hawa wa Sur. Wamezoea safari."

"Ahsante, bibi," alijibu Wiam.

Angemjibu nini zaidi? Amwambie kwamba yule mwanamke hana nywele za manjano wala koti jekundu? Kwamba siku ile alikuwa kavaa kanga yenye doa la manjano ya bizari, kakaa chumbani hapo ng'ambo ya ukuta, na simu kaiegemeza kwenye kopo la nyuzi?

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Siku Bwana Hamdun, baba yake Wiam, alipoikubali posa, alimshika Muadh mkono mbele ya watu akamwambia, "Mtoto nimekupa. Lakini mpaka milka iandikwe usimpigie simu, usimtumie ujumbe, usimpitishie salamu kwa mtu. Umenifahamu?"

"Nimefahamu, ami."

Wiam alikuwa nyuma ya mlango. Aliyasikia maneno yote, akayapima moja moja kama anavyopima uzi, akaona Baba kamkataza mmoja tu. Akastahamili wiki nzima. Usingizi haukuja, chakula hakikupita. Mwisho akapiga yeye.

"Wiam?" Muadh alishtuka. "Ami kanikataza."

"Kakukataza kunipigia. Umenipigia?"

"La."

"Basi sikiliza tu."

Muadh akacheka kile kicheko chake cha chini kwa chini, na Wiam akajua kwamba hatoacha tena kupiga.

Kampuni anayofanyia kazi ilipompeleka Uholanzi, siku zake za mapumziko alizimaliza kwenye treni, mji mmoja baada ya mwengine, na Wiam alikwenda nae yote. Kila Mama anapolala baada ya alasiri, yeye huku anatoboa kofia, Muadh kule anamtembeza. Alkmaar alimuonesha wanaume wenye kofia za majani wakibeba mabonge ya jibini ya duara, makubwa kama tairi za gari, wanakimbia nayo.

"Mbona wanakimbia?"

"Sijui. Labda yana miadi."

Leiden alikula samaki mbichi, kitunguu juu, unamshika mkia unamning'iniza mdomoni. Wiam alijifunika macho. "Astaghfirullah, Muadh! Hata hakupita motoni!"

"Mie mtu wa Aija, samaki hanibabaishi," alisema Muadh, akatafuna, akanyamaza kidogo. "Lakini huyu ameniangalia."

Utrecht mvua iliwakuta. Mfereji ulikuwa chini kabisa, na watu wanakula ukingoni usawa wa maji, vitumbua vidogo kama vifungo vilivyonyunyizwa sukari ya unga. Wiam aliuliza, "Na hii falaj yao, zamu ya kumwagilia shamba leo ya nani?"

"Hakuna zamu. Hawa maji hawayataki, wanayasukuma yatoke."

"Yatoke yende wapi? Waambie wayalete Ibra!"

Kila alipokaa kula Muadh aliagiza viwili. Alisema hawezi kula mbele ya mtu asiyekuwa na sahani, hakulelewa hivyo. Simu anaiegemeza kwenye kikopo cha chumvi au chungu cha maua, sahani ya pili anaiweka mbele ya simu, anasema karibu, na Wiam anasema bismillahi. Kisha anazila zote mbili. Aliporudi Aija, kanzu yake ya milka ilibidi mama yake ailegeze mbavuni.

Na kila mji alimuuliza suala moja. "Hapa unapaonaje? Ungeweza kukaa?" Pale Delft, mbele ya dirisha la duka lililojaa sahani za buluu, Wiam alimjibu, "Na mvua hii? Nguo ntaanika wapi?" Akategemea atacheka. Hakucheka. Alimtazama tu, mtazamo mrefu, kisha akageuza simu amuoneshe mnara. Wiam aliuona mtazamo ule akaufanya hakuuona.

Jioni ya Jumatano ile Bwana Hamdun alirudi msikitini bila kuvua viatu mlangoni, na hilo peke yake lilitosha kumwambia mkewe kwamba habari imeshavuka kwa wanaume.

"Posa naivunja," alisema.

"Hamdun, kwanza umuulize mtoto wa watu."

"Ntamuuliza. Nishampigia babaake, Marhoun. Ijumaa baada ya alasiri aje na mama yake, anitazame machoni, anambie alikuwa na nani. Akinambia kweli, ntajua la kufanya. Akinificha, arudi kwao Sur, na Azzan wa Al Qabil yupo, mtoto wa ndugu yangu, hajapanda treni ya mtu."

Azzan. Wiam alisikia jina hilo akiwa kasimama sebuleni na sinia tupu, akaanza kutembea. Aliingia jikoni akatoka. Alifungua mfereji wa kuoshea vyombo akasahau alitaka maji ya nini. Azzan alikuwa mtu mwema, mwenye shamba la mitende na sauti ya upole, na Wiam akimtazama hakuna kinachotikisika ndani yake, hata pazia.

Asubuhi ya pili alipanda juu ya paa na kapu la nguo mbichi, akapiga.

"Ntamwambia," alisema kabla ya salamu. "Ntamwambia Baba alikuwa mimi."

"Usithubutu."

"Kwa nini nisithubutu? Watakuita mzinifu, weye hukufanya kitu!"

"Wataniita hivyo wiki mbili, kisha watasahau, mie mwanamme. Weye wakikuita msichana wa masimu hawatosahau. Bi Khamisa atalitia kwenye udi alifukize mji mzima. Niache nibebe mie."

"Ukibeba weye Baba anavunja."

"Ntasema sina la kusema. Labda atahurumia."

"Babangu? Humjui. Na nani kakwambia unibebee? Nimekutuma?"

"Wiam, habibti, nisikilize..."

"Usiniite habibti. Unataka kuwa shujaa, halafu mie niolewe Al Qabil, nihesabu tende mpaka nife, nikikukumbuka nilie. Huo ndio utu wako?"

Kulisikika upepo kwenye simu, na mbali, injini za mashua za Aija. Wiam alitaka Muadh aseme kitu chochote, hata amtukane. Alitaka kumuona. Shati lililomo mkononi mwake lilikuwa limeshakamuliwa mpaka halina maji, na bado analikamua.

"Ijumaa," alisema Muadh mwisho, polepole, "usitoke chumbani. Nakusihi."

Akakata. Ilikuwa mara ya kwanza kukata yeye.

Ijumaa, alasiri ilipokwisha, gari la Sur lilisimama mlangoni. Muadh alishuka na mama yake, Bi Tufool, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, na chombo cha halwa kakikumbatia kama mtoto. Bi Khamisa alikuwa ameshafika zamani. Alikuja kuazima sufuria, akapewa, akabaki nayo jikoni.

"Shikamoo, ami," alisema Muadh.

"Marahaba. Kaa."

Walikaa sebuleni chini, kwenye mazulia. Wiam alikuwa ukumbini nyuma ya pazia na birika la kahawa, kwa kuwa Mama alisema kahawa lazima ipelekwe na mtu, posa ivunjwe isivunjwe. Kupitia upenyo wa pazia alimuona. Kanenepa kweli. Kanyoa vizuri. Macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, na mikono yake, ile mikono iliyokuwa ikimuekea sahani, imelala juu ya magoti kama si yake.

"Sina maneno marefu," alisema Bwana Hamdun. "Delft, mkahawani. Ulikuwa na nani?"

"Kiti cha pili hakikuwa na mtu, ami."

"Sahani mbili?"

"Zote nilikula mie."

"Hilo kweli," aliingia Bi Tufool. "Huyu mlaji tangu mdogo. Nikimuekea sambusa za watu sita..."

"Bi Tufool, tafadhali." Bwana Hamdun hakuondoa macho kwa kijana. "Na vikombe viwili ulikunywa weye. Sawa. Na karibu? Ulimwambia nani karibu?"

Muadh aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza. Mtu hakaribishi hewa. Nimeiona hiyo video, nimeletewa. Ulinyoosha mkono, ukamkaribisha mtu, tena kwa adabu, kama anavyokaribishwa mtu wa heshima. Nani?"

"Siwezi kusema, ami."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi."

Jikoni sufuria ililia, maana Bi Khamisa kasogea karibu na mlango.

"Muadh," alisema Bi Tufool, na mara hii sauti yake ilipungua. "Mwanangu, sema. Unanitia aibu."

"Mama, nisamehe. Sina la kusema."

Bwana Hamdun aliweka mikono sakafuni, kama mtu anayetaka kuinuka. "Basi khalas. Mpe salamu babaako. Mwambie Hamdun hana ugomvi, lakini mtoto wake..."

Pazia lilifunguka. Wiam hakukumbuka baadae kama alilifungua au alilipita tu. Alikuwa katikati ya zulia na birika mkononi, buibui kalivaa upande, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Alinikaribisha mimi."

Muadh alifumba macho.

"Nilikuwa kwenye simu, Baba. Simu ilikuwa nyuma ya maua. Sahani ya pili ilikuwa yangu. Kila mji alioingia aliniekea sahani, akanikaribisha, nami nikasema bismillahi. Hiyo ndiyo haramu yake yote."

Bwana Hamdun aligeuza kichwa kwa Muadh taratibu. "Nilikushika mkono hapa hapa. Nikakwambia usimpigie."

"Hakunipigia," alisema Wiam.

"Wiam!" Muadh alijaribu kumzuia.

"Hakunipigia hata siku moja, Baba, na ujumbe hakuniletea, na salamu hakumpa mtu. Chukua simu yake utazame. Kila mara ni mimi niliyempigia. Ulimkataza yeye. Mimi hukunikataza, kwa sababu hukufikiri mwanao ataweza."

Bwana Hamdun alimtazama binti yake kama mtu anayetazama nyumba yake mwenyewe akakuta ina mlango asioujua. Kisha akapaza sauti, "Ghaniya! Ulijua haya?"

Ghaniya alitokea, akifuta mikono kwa ukingo wa kanga. "Nilisikia mtoto wangu anacheka nyuma ya ukuta," alisema. "Tangu azaliwe sijamsikia akicheka vile. Sikuuliza. Niliogopa nikiuliza ataacha."

"Na mie nilisema ni mtu wa heshima yule!" alipaza Bi Khamisa kutoka jikoni. "Nilisema au sikusema?"

"Bi Khamisa," alisema Bwana Hamdun, "sufuria umeshaipata."

"Nimeipata, nimeipata. Nilikuwa natafuta mfuniko."

Bi Tufool alianza kucheka, akajiziba kwa leso, mabega yakatikisika. Hata Ghaniya alijing'ata mdomo. Wiam peke yake hakuweza kucheka. Macho ya Muadh yalikuwa juu yake sasa, waziwazi, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza bila kioo cha simu katikati. Alimuona akishukuru na kuumia kwa pamoja. Kahawa ilikuwa inamchoma kupitia kishikio cha birika na hakuiweka chini.

"Mimina," alisema baba yake.

Akammiminia. Bwana Hamdun akanywa fundo moja, kisha akakishusha kikombe.

"Umenidanganya kwa ukweli," alimwambia Muadh. "Sijui nikuiteje. Lakini ulikuwa tayari uchafuliwe jina kuliko umtaje. Hilo nimeliona. Na huyu kakataa uchafuliwe. Nalo nimeliona." Akavuta pumzi. "Posa ipo pale pale. Na simu zife leo mpaka milka, pande zote mbili. Safari hii nimesema pande zote mbili."

"Alhamdulillah!" Bi Tufool aliinua mikono, akaanza kufungua halwa.

Hapo Wiam alitegemea moyo utatulia. Haukutulia, maana Muadh hakuinua kikombe chake. Alikuwa kakaa vile vile, mgongo wima, kama mtu aliyebakisha mzigo mmoja mlangoni.

"Ami," alisema, "nimeona leo kuficha kunavyoleta balaa. Sitaki kukuficha jengine. Hata Wiam sijamwambia, nilitaka nianze kwako." Alimeza mate. "Kampuni imenipa kazi bandarini Rotterdam. Miaka miwili. Baada ya harusi tu. Ile miji sikuwa naitembea kwa starehe. Nilikuwa namtafutia pa kukaa. Nilikuwa namuonesha mmoja mmoja nitazame wapi uso wake utafunguka."

Birika likainama mkononi mwa Wiam, kahawa ikadondoka kwenye zulia. *Ungeweza kukaa?* Alkmaar, Leiden, Utrecht, Delft. Yeye akimjibu maneno ya kamba za kuanikia nguo. Ilimpanda hasira ya kutoulizwa, na chini ya hasira ile kitu kingine kikainuka, kikubwa, chenye mbawa, kinataka kutoka: mvua, na treni, na mji ambao hamna mtu anayejua baba yake ni nani, na Muadh anafungua mlango jioni.

"Miaka miwili si mingi, ami," alisema Muadh. "Kisha tutarudi."

Bwana Hamdun aliinuka. Alikwenda dirishani akasimama, mgongo kawapa wote, na kwa muda hakuna aliyethubutu kugusa halwa. Alipoanza kusema, alisema na kioo.

"Mama yangu aliagana na mama yake pale Wete, mie nikiwa mgongoni. Alimwambia miaka miwili. Alikuwa msema kweli, mama yangu, hajapata kusema uongo. Kaburi lake liko hapa Ibra, na la mama yake liko Pemba, na hawakuonana tena."

"Hamdun," alisema Ghaniya kwa upole, "hivi sasa kuna ndege. Kuna simu."

"Najua kuna simu. Nimeona leo kazi ya simu." Aligeuka. Hakumtazama mkewe wala Bi Tufool wala kijana wa watu. Alimtazama Wiam, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, hauna ukali ndani yake, hauna amri. Katika umri wake wote Wiam alikuwa ameamrishwa na mtu huyu, mchana na jioni, kavae, kasali, kalale, na alijua namna ya kutii na namna ya kupita pembeni. Hili lililokuwa linakuja hakulijua.

"Siwezi kukukataza," alisema baba yake. "Ukishaolewa utakuwa wa mumeo, na mumeo ni huyu, nami nimeshasema ndio. Kwa hivyo nakuomba. Wiam, mwanangu, usende."

Muadh nae alikuwa anamtazama. Mkono wake ulikuwa umeinuka kidogo kutoka gotini, umebaki hewani.

Wiam alisimama baina yao na birika lililopoa nusu, akafungua mdomo. Nje gari lilipita, likaenda zake mpaka sauti yake ikaisha, na wote wawili, baba yake na Muadh, walikuwa bado wanangoja jibu lake.